Refa Anaona Upande Mmoja

Jumatatu, 9 Machi

Dada yangu,

Natumai barua hii inakukuta umekaa, si umesimama kwenye mashine, maana nina mengi. Sisi huku tunavuta pumzi. Wifi yako anakusalimu. Kikohozi kimemwachia isipokuwa asubuhi, na ule mfuko wa vitambaa vya kiwandani uliomtumia ameshatoa foronya za nyumba nzima na bado vimebaki. Mwanao ameanza shule na tayari anatufundisha sisi. Kazini tunabadilisha breki za mabehewa ya zamani, mikono yangu inanuka grisi hata nikila. Mwambie Mama dawa ya miguu naitafuta.

Baada ya hayo tuje kwenye mpira.

Jumamosi karakana nzima tulikuwa kwenye redio ya mlinzi, sisi Chuma upande wa dirisha, Nyuki upande wa mlango, kama tunavyokaa siku zote ili watu wasirushiane vikombe. Kipindi cha kwanza mpira ukamgonga beki wetu mkononi. Mtangazaji akasema kaunawa. Refa akapuliza, penalti, bao. Mimi ni Chuma tangu nianze kuvaa viatu, lakini nilisema sawa, mkono ni mkono. Kipindi cha pili beki wa Nyuki naye akanawa, ndani ya boksi vile vile. Mtangazaji mwenyewe sauti ilimkauka, akasema huyu kanawa mpaka kwenye viwiko. Refa je? Mchezo uendelee.

Hapo tukashikana. Cheche, yule mchomeleaji wetu ambaye ni Nyuki hata akiwa usingizini, akasimama kutuhutubia: mkono wa kwanza uliufuata mpira, mkono wa pili ulifuatwa na mpira, kwa hiyo refa yuko sahihi mara zote mbili. Nikamuuliza ameyaonea wapi yote hayo, ndani ya redio? Akasema anajua kusikiliza. Nikamwambia mimi simlaumu refa kwa kutoa penalti wala kwa kunyima. Namlaumu kwa kuwa na sheria mbili ndani ya mchana mmoja. Angenyima zote ningempa mkono. Angetoa zote ningempa chai.

Wenzangu wakaanza kuimba kwamba refa anaona upande mmoja. Na mimi nikaimba. Refa ni nani unajua, dada, na mimi najua. Wao hawajui. Mtangazaji alilitaja jina lake la kwenye vyeti, na sisi nyumbani tunamwita Filimbi tangu alipokuwa akipuliza kifuniko cha kalamu mpaka baba anakimbilia nje. Hakuna aliyegeuka kunitazama. Nimemwimbia hivyo ndugu yangu wa tumbo moja nikiwa nimeshika kikombe.

Sasa wewe uliye naye kiwanda kimoja, meza moja, nakuuliza na usinizungushe: amekula hongo? Kama amekula, nijue. Kitakachoniua ni kutojua.

Msalimu Mama na wanao, na yule jirani wa mashine ya kusaga. Wengine watajisalimia wenyewe.

Kaka yako


Alhamisi, 2 Aprili

Kaka, shikamoo.

Barua yako ilifika mapema. Sitasingizia posta. Niliiweka chini ya kitambaa cha meza nikawa napita pembeni yake kama mtu anayemkwepa mdai. Usikasirike.

Mama hajambo kuanzia kiunoni kwenda juu. Dawa ya miguu unayoitafuta anasema uliianza kuitafuta mwaka juzi, labda nayo ina miguu. Wanangu wazima, mkubwa amepanda darasa, mdogo amevunja dirisha la jirani na mpira wa soksi na anasema ilikuwa kona. Kiwandani tuna oda ya mashuka ya hospitali, meupe yote, tunarudi nyumbani tunaona meupe ukutani.

Mpira niliuangalia kwa macho yangu, jukwaa la Nyuki, mstari wa tatu. Sasa shika sana ninachokuambia, maana hutakisikia tena kutoka kwa Nyuki yeyote aliye hai: penalti yenu ilikuwa penalti. Mkono wa beki wetu ulikuwa juu kama mtu anayeomba ruhusa ya kutoka darasani. Huyo Cheche wako aendelee kuchomelea. Wenzangu wote jukwaani waliona, wakashangilia, na tulipotoka nje kila mmoja akaanza kueleza kwamba mpira uligonga kifua. Ndivyo tulivyo. Ingekuwa kwenu mngesema hivyo hivyo.

Filimbi hakula. Hilo nalijua na siwezi kukueleza nimelijuaje.

Hapa mambo si mazuri. Wamemwandikia MWIZI kwenye ukuta wa nyumba kwa rangi nyeusi, na kila asubuhi kuna takataka mlangoni. Mkewe anazoa. Watoto wanapita njia ya nyuma kwenda shule. Nilimwambia Filimbi apake chokaa juu ya lile neno, akasema liacheni. Wenzetu kazini waliokuwa wakimwita mwamuzi kwa heshima sasa wakimpita wanashika mifuko yao na kucheka. Anacheka nao.

Mama amenisomesha barua yako mara mbili, halafu akaniuliza mbona hukumsalimu mdogo wako. Nikasema umesahau. Akasema, huyo hajawahi kusahau kitu isipokuwa dawa.

Naomba usimwandikie chochote juu ya mechi. Ukitaka kumwandikia, mwandikie juu ya breki.

Dada yako


Jumanne, 21 Aprili

Dada yangu,

Wifi yako anakusalimu, na mwanao pia. Mvua imeingia hadi kwenye karakana, tunafanya kazi tukiwa tumesimama juu ya mbao.

Barua yako imenitia kichaa. Unaniambia mkono ulikuwa mkono. Unaniambia hakula. Halafu unafunga bahasha. Sasa mimi nifanye nini na mambo hayo mawili? Mtu hawezi kuona mkono kipindi cha kwanza, akaja kutoona mkono mkubwa zaidi kipindi cha pili, uwanja ule ule, jua lile lile, bila sababu. Ama alikula, ama alitishwa, ama ni Nyuki wa siri tangu utotoni na mimi nimekuwa nikimnunulia jezi ya Chuma bure. Niambie ni lipi.

Na nyumba yangu nayo imeshika moto. Wamejua. Gazeti lilitoa picha yake, Cheche akaishika, akaniangalia mimi, akaiangalia picha, akasema paji hili la uso nalijua, linanidai spana. Ikawa basi. Chuma wenzangu wananiita jasusi. Kwenye tawi letu la mashabiki, ambako nimekaa tangu tawi likiwa chumba kisicho na mlango, katibu aliniambia kwa upole kwamba kwa sasa nikae nje, wanajadili mambo ya ndani. Nimekaa nje, dada, kwenye benchi, nasikiliza wakimchambua ndugu yangu kupitia dirishani.

Hao nawavumilia, ni haki yao. Wanaonimaliza ni Nyuki. Wananipa mkono. Kila asubuhi Cheche ananifuata ananishukuru kwa niaba ya familia. Juzi wamenipa kiti upande wao wa redio, upande wa mlango. Wamenifuta kabisa.

Nipe neno la kuwaambia. Mimi ni mtu mzima, siwezi kupita mbele za watu nimeinamisha kichwa kwa kosa nisilolijua. Kama unalijua na unaninyima, basi na wewe unanionea kama alivyonionea yeye.

Kaka yako


Jumatatu, 18 Mei

Kaka, shikamoo.

Tu wazima, Mama anaendelea. Barua hii isome peke yako, halafu itie jikoni kwenye moto, na wifi asiione.

Unajua meza yetu ya ukaguzi, nilishawahi kukueleza. Ni pana kuliko kitanda. Kitambaa kinatoka nyuma, kinapanda juu ya kioo chenye taa chini yake, kinapita mbele ya macho, na sisi wakaguzi wawili tunatafuta uzi uliokatika, fundo, doa la mafuta. Ukiona, unapiga chaki. Jora likiisha lina alama zako na alama za mwenzako. Miaka yote mimi nilisimama kulia kwa Filimbi. Tangu mwaka jana nasimama kushoto, na chaki zote za kushoto ni zangu, na msimamizi anadhani nimehamia huko kwa sababu ya feni.

Jicho lake la kushoto limekufa, kaka. Daktari anasema ni presha ya macho, ilikuja kimya kimya, siku alipogundua palikuwa hapana kitu tena. La kulia lipo, lakini linabana pembeni, na asipopasuliwa litafuata mwenzake.

Beki wenu alinawa kuliani kwa Filimbi. Wa kwetu alinawa kushotoni. Nilikuwa jukwaani, nikauona mkono, nikaona na alikotazama Filimbi, nikajua kabla uwanja haujapiga kelele. Alisikia kelele, akageuka, mpira umeshatoka. Aliniambia alisimama pale akijua kabisa kutokana na kelele kwamba kuna kitu. Angeweza kupuliza. Lakini refa hatoi asichokiona, akaacha.

Mnasema anawaonea. Hakuwaonea, kaka. Hakuwaona. Na ule wimbo wenu wa kwamba anaona upande mmoja, mwenzio nilikuwa nimekaa mstari wa tatu nikausikia unaimbwa na jukwaa lenu zima, nikadhani wamejua.

Utauliza kwa nini alikwenda uwanjani. Alitaka kuirudisha ile mechi kwa waliompangia. Mimi ndiye niliyemwambia aende, nikasema ukikataa mechi kubwa namna hiyo watauliza unaumwa nini, chezesha hii, halafu useme magoti yamechoka. Kwa hiyo usinitupie maneno ya kuonea. Nina ya kwangu ya kutosha.

Utauliza tena kwa nini hasemi. Kiwandani mkaguzi asiyeona anaondolewa siku hiyo hiyo, na mimi niliyempigia chaki nitamfuata. Tutamwaga unga wote wawili, na Mama yuko mikononi mwetu. Na upasuaji wa lile jicho la kulia ni kiwanda kinacholipia, maadamu yumo kazini. Amepangiwa Agosti, kiwandani amewaambia ni mtoto wa jicho. Nilipomwambia watu watamwita mwizi maisha yake yote, alinijibu neno moja tu nalo sijalisahau: “Mwizi Jumatatu anarudi kazini. Kipofu harudi.”

Tunaojua ni yeye, mkewe, mimi na daktari. Alituapisha. Hajui kwamba nakuandikia. Nimekuandikia kwa sababu ulikaa kwenye benchi ukamsikiliza akitukanwa, na roho ilinikataa. Usimwambie mtu. Acha wakuite jasusi, ujasusi hauui.

Dada yako


Jumatano, 3 Juni

Dada yangu,

Barua nimeichoma. Nilipika nayo chai, nikainywa, haikuwa na ladha.

Msalimu Mama. Msalimu mkubwa na mvunja madirisha. Na Filimbi msalimu sana, mwambie kaka yake anamsalimu sana, mwambie jezi za Chuma nilizomnunulia siziulizi tena. Usimwambie kwa nini. Hili tukio la Agosti nimelisikia, nalishikilia kwa dua. Muulize daktari kama karoti zinasaidia, wifi yako amesikia zinasaidia.

Nimelala vibaya. Nakumbuka alipokuwa mdogo tukicheza uani, mimi na wewe tunagombana mpira umetoka au haujatoka, na yeye amekaa juu ya ndoo ndiye anayeamua. Wote wawili tulikuwa tunamtii, wewe na ubishi wako huo. Nimesimama karakana nikaimba kwamba haoni.

Huku kumetulia kidogo. Nimerudishiwa kiti tawini. Cheche naye amepunguza mdomo. Watu wakielezwa vizuri wanaelewa, dada, tatizo letu tunawadhania vibaya. Sasa wanazungumza juu yake kwa huruma, hata Chuma. Usinitolee macho. Nimewaambia tu kwamba ndugu yangu hali hongo, basi. Mtu ana haki ya kumsemea ndugu yake.

Breki za mabehewa tumemaliza, sasa tunafunga milango.

Kaka yako


Jumanne, 16 Juni

Kaka,

Sina nafasi ya salamu. Mama mzima.

Leo amekuja mjumbe wa kamati ya ligi kiwandani, mchana, mbele ya watu, na barua ya Filimbi mkononi. Chuma wamekata rufaa. Wanataka mechi irudiwe. Sababu waliyoiandika si hongo. Wameandika kwamba mwamuzi hana uwezo wa kuona upande wa kushoto. Filimbi anatakiwa kwenda kupimwa macho kwa daktari wa kamati, na nakala imekwenda kwa mwajiri.

Kushoto, kaka. Wangeandika haoni, ningesema ni matusi ya mashabiki yale yale. Wameandika kushoto.

Na rufaa imeanzia kwenye tawi lenu. Muhuri ni wa tawi lenu.

Nakuomba uwe na majibu.

Dada yako


Ijumaa, 10 Julai

Dada yangu,

Habari za siku. Wifi yako hajambo. Mwanao amekuwa wa pili darasani, wa kwanza ni mtoto wa mwalimu kwa hiyo tunahesabu ni wa kwanza. Mvua imekatika. Milango ya mabehewa inatusumbua, bawaba zilizoletwa ni za kipimo kingine, tunazipunguza kwa tupa moja moja.

Nimeanza barua hii na kuichana sijui mara ngapi. Kila nikifika hapa nachana.

Ilikuwa wakati wa chakula. Cheche aliweka sahani yake mbele yangu akasema, kwa kucheka tu, wala hakuwa na ubaya siku hiyo, kwamba nikubali yaishe, ndugu yangu anaona upande mmoja. Nikasema ndiyo. Nikasema hata daktari anasema hivyo. Wakacheka meza nzima, wakadhani nimeungama kwamba ni Nyuki. Kicheko kile, dada. Nikapiga meza nikawaambia hamnielewi, nyinyi hamna hata akili ya kuelewa, nasema jicho, jicho lenyewe, la kushoto, limekufa, mnamwita mwizi mtu ambaye alikataa kutoa asichokiona. Cheche aliacha kula. Mzee mmoja wa Chuma akanishika bega. Nilijisikia nimemvika nguo mtu aliyekuwa uchi mbele za watu. Nilikuandikia siku chache baadaye, nikakuambia kumetulia, na kweli kulikuwa kumetulia.

Sikujua katibu wa tawi alikuwa amekaa nyuma yangu. Nilimfuata baadaye nikamwomba kwa jina la Mama. Akaniambia hana nia mbaya na familia yetu, anamwonea huruma sana mdogo wangu, lakini hii ni hoja. Tumekuwa tukilia na hongo tusiyoweza kuithibitisha, sasa tumepata hoja. Nikamwambia irudishe. Akasema imeshapanda gari. Nimekwenda tena juzi na jana. Ananipa kiti, ananipa maji, ananiita ndugu.

Kuna jambo moja zaidi, na nisipokuambia wewe sitamwambia mtu. Jumapili redio ikatangaza kwamba rufaa imekubaliwa na mechi itarudiwa. Tawi zima likasimama. Na mimi nikasimama. Nilishangilia, dada, nilikuwa nimeshapiga makofi na kumkumbatia mtu ndipo nikakumbuka kwa nini inarudiwa.

Sijui nikuombe nini. Nilidhani namtetea.

Kaka yako


Jumapili, 30 Agosti

Kaka, shikamoo.

Mama hajambo. Wanangu hawajambo. Mpe wifi salamu, na mwanangu wa pili mwambie shangazi yake anamhesabu wa kwanza.

Nimekaa muda mrefu bila kukujibu kwa sababu nilikuwa naandika maneno ambayo dada hamwandikii kaka yake. Yameisha. Sasa nakuandikia habari tu.

Walimpima mbele ya watu wa kamati. Wakamfunika jicho la kulia, mmoja akainua vidole, akamuuliza ni vingapi. Filimbi akajibu kwa adabu kwamba haoni mkono wenyewe. Yule mtu akaguna, alidhani ni jeuri. Siku iliyofuata gazeti likatoa, na kiwandani wakamwita ofisini kabla ya chai. Wamemwondoa. Mimi hawakuniondoa, wamenitoa kwenye ukaguzi wakanipeleka kufagia pamba. Msimamizi aliniuliza nimekuwa nikimpigia chaki kwa muda gani. Nikamwambia sikuhesabu. Akasema alinipenda kama mfanyakazi.

Upasuaji wa kiwanda ukafutwa. Tumeuza cherehani yangu na ng'ombe wa Mama, akapasuliwa hospitali nyingine, wiki tatu baada ya siku iliyotakiwa. Daktari hasemi ndiyo wala hapana. Jicho limefungwa bandeji. Kwa sasa haoni kabisa, yuko gizani, anasubiri lifunguliwe aone kama kuna kitu kimebaki.

Mechi imerudiwa, hilo utakuwa umelisikia. Mmefungwa mbili. Chuma waliotoka uwanjani walikuwa wakiimba kwamba refa mpya naye anaona upande mmoja. Nyuki nao hawajatosheka, wanasema kama Filimbi hakuwa anaona, basi hata bao alilowapa Chuma msimu uliopita lilikuwa la kubahatisha, wanataka nalo lifutwe. Sasa kila timu inasema aliiibia. Lile neno ukutani limepakwa chokaa, walikuja wenyewe walioliandika, wakapaka, wakamletea matunda. Wanamshika mkono kumvusha barabara hata akiwa hataki kuvuka. Matusi aliyavumilia akicheka. Hili hawezi. Wakija anajifanya amelala.

Lakini si hayo yaliyonikalisha kuandika.

Anataka kujua ni nani aliyesema. Ndilo jambo pekee analoliuliza, asubuhi na jioni. Daktari amemwapia, na Filimbi anamwamini, anasema daktari hana timu. Mimi amenitoa kwenye hesabu, anasema aliyefagishwa pamba hawezi kuwa ndiye. Amebaki mkewe. Ana kaka zake ambao ni Chuma, nadhani unawakumbuka. Mwanzo alimuuliza, mwanamke akalia. Akasema kilio ndicho jibu. Sasa hasemi naye. Mkewe anamwongoza kwa mkono kwenda chooni na kurudi, na Filimbi hasemi naye. Akimlisha kwa kijiko, Filimbi anafunga mdomo, mpaka niende mimi. Juzi nimemkuta huyo mkewe anakunja nguo za watoto kwenye sanduku. Nikamwambia asubiri kidogo. Akaniuliza asubiri nini, akanitazama hivi, nadhani anajua kwamba najua.

Nimekaa mbele ya Filimbi mara nyingi nimefungua kinywa. Nikisema ni wewe, lazima niseme ulijuaje, na nikisema ulijuaje nitakuwa nimemnyang'anya mtu wa mwisho ambaye yeye bado anakubali kula kutoka mkononi mwake.

Jana amenituma. Amesema: “Mwandikie kaka. Yeye yuko huko huko lilikotoka, anawajua wote wa tawi. Mwambie aniulizie ni nani. Yeye hatanificha.”

Nimekuandikia kama alivyosema. Yeye hawezi kusoma, bandeji haitolewi mpaka mwezi ujao, na posta ikifika ananiuliza kabla sijafunga mlango. Mimi ndiye nitakayemsomea, na mkewe atakuwa amesimama pale. Ukiandika ni wewe, nitasoma ni wewe. Ukiandika hujui, nitasoma hujui.

Dada yako